Kibindo cha Fundi Chapchap

Kinyozi hajinyoi. Watu wengi huitaja methali hii kumsuta kinyozi mwenye nywele timutimu, kana kwamba kosa lake ni uvivu. Sivyo hata kidogo. Kinyozi anaijua kazi yake, wembe wake unakata na mkono wake hautetemeki. Shida yake ni kisogo. Kisogo chake kiko nyuma, kama changu na chako, na hata akijizungushia vioo ukuta mzima, ataacha kishungi ambacho kila mpita njia atakiona isipokuwa yeye mwenyewe. Ndiyo maana humwita mwenzake asimame nyuma yake. Asiyeamini na asikilize yaliyomkuta fundi mmoja wa kompyuta, mtu hodari kwelikweli, ambaye uhodari wake nusura umponze dada yake wa tumbo moja.

Fundi huyo aliajiriwa na chuo cha wauguzi na wakunga. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya stoo ya viti vibovu na choo cha wafanyakazi. Ilikuwa na dirisha lisilofungika, na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopepea. Wenzake walimwita Chapchap, kwa sababu ukimpelekea kompyuta iliyokwama, kabla hujamaliza kueleza ilivyokwama alikwisha kukurudishia ikiwa nzima. Jina hilo alilipenda. Akiitwa kwa jina lake halisi alichelewa kugeuka.

Wanafunzi wengi wa chuo hicho hawakukaa chuoni. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao katika vituo vya afya vya mbali, nao walisoma kwa simu, kwenye jukwaa la masomo la mtandaoni. Humo walipata masomo yao, humo waliulizana maswali, na humo humo walifanya mitihani. Mambo yangekuwa mazuri kama si mtandao. Mtandao wa huko waliko ulikuwa kama mgeni asiyeaga: sasa hivi yupo, ukigeuka hayupo. Mwanafunzi angejibu maswali arobaini huku jasho likimtoka, akabonyeza pa kutuma, mtandao ukakatika, na majibu yote yakapotelea hewani. Jukwaa halikuwa na huruma. Liliandika sifuri.

Mmoja wa waliopata sifuri ya namna hiyo alikuwa dada yake Chapchap. Mama yao alipofariki, ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na minane alikuwa mkunga msaidizi. Watoto aliowapokea kwa mikono yake miwili wangejaza shule na kumwagika uwanjani. Lakini kanuni za kazi zilibadilika: ifikapo mwisho wa mwaka, asiye na stashahada hataruhusiwa tena kumgusa mzazi. Kanuni ya chuo nayo ilikuwa fupi: ukianguka mtihani mara mbili, kwaheri. Mara ya kwanza ya Dada ilikwisha kwenda na mtandao. Ilibaki moja.

"Mimi sikuanguka," alimwambia mdogo wake kwenye simu siku ile. "Nilijibu yote. Unajua mimi siongopi."

"Najua, Dada."

"Sasa si wewe ndiye fundi wao? Fanya kitu basi!"

Chapchap akafunga kibwebwe. Kwa wiki sita aliandika plagini, yaani programu ndogo inayoshikizwa kwenye jukwaa kubwa ili ilifundishe kazi ambayo halikuzaliwa nayo. Kazi ya plagini yake ilikuwa moja tu. Mtandao ukikatika, majibu ya mwanafunzi yasipotee, bali yafichwe ndani ya simu. Mtandao ukirudi, yaende yenyewe. Akaiita Kibindo, kwa kumkumbuka bibi yao, ambaye kila alichokithamini alikikunja kibindoni na hakuna kilichowahi kumpotea.

Kisha akaijaribu. Hapa tusimwonee, aliijaribu kwa bidii. Alizima mtandao katikati ya swali akauwasha tena. Alizima simu yenyewe. Aliingia nayo stoo, akasimama katikati ya viti vibovu ambako mtandao haufiki, akajibu maswali ya ukunga kizani kama mwehu. Kila jaribio aliliandika kwenye daftari. Yalifika majaribio mia mbili na kumi na mawili, na la mwisho lilikuwa safi kama la kwanza. Alifunga daftari akajiona mwanamume.

Kilichobaki ni kibali.

Chuoni hapo hakuna plagini iliyoruhusiwa kuligusa jukwaa bila kupita mezani kwa mkaguzi wa mifumo. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, na watu walimwita Mama Subiri kwa sababu hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kila ulipoingia. Fomu yake ilikuwa na kurasa nne. Jopo la kuidhinisha lilikaa mara moja kwa muhula, na safari hii lingekaa Alhamisi ya wiki iliyofuata, wiki mbili kabla ya mtihani. Ukilikosa jopo hilo, mtihani unakupita. Dada angeingia kwenye mtihani wake wa mwisho mikono mitupu, akiomba Mungu mtandao usikatike.

Jumatatu asubuhi Chapchap alitua fomu mezani. Kurasa tatu alizijaza vizuri. Ule wa nne ulikuwa maandishi madogo matupu, yamebanana kama sisimizi, kwa hiyo aliweka saini chini bila kuusoma.

"Subiri," Mama Subiri alisema huku akivaa miwani. Alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari. "Kibindo. Jina zuri. Nani kaijaribu?"

"Mimi mwenyewe, Mama. Mara mia mbili na kumi na mbili. Daftari hili hapa."

"Nimeliona. Na nani mwingine?"

"Mwingine wa nini tena? Mimi ndiye niliyeiandika. Hakuna anayeijua kunishinda."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, mwanangu." Akamrudishia fomu. "Soma hapa. Wajaribuji wawili, ambao hawakuiandika, kwa simu zao wenyewe, siku saba. Leo Jumatatu. Ukianza leo, Jumatatu ijayo unaniletea, na Alhamisi inaingia kwenye jopo. Muda upo."

"Mama, hao watu hata maana ya plagini hawaijui!"

"Kwani wanafunzi wako wanaijua?"

Chapchap akatoka amenuna. Njia nzima kwenye korido alinung'unika peke yake. "Mtu hajaandika programu hata moja tangu azaliwe, lakini kuwakwamisha wanaoandika, hapo ni bingwa!" Maneno hayo hayakuwa ya haki, ila hasira ni hasara, na hasira ya mtu mwenye haraka ni hasara mara mbili.

Akatengeneza akaunti mbili za majaribio, zenye majina ya wanafunzi wa kubuni, akaenda kutafuta saini. Alianza na mkutubi, rafiki yake wa tangu shule.

"Lete kalamu," mkutubi alisema, hata fomu hajaiangalia. "Nisaini wapi?"

Akajaza tarehe zote saba kwa mkupuo mmoja, pamoja na zile ambazo zilikuwa hazijafika, na mbele ya kila moja akaandika "sawa." Siku saba za majaribio zilipita kwa dakika mbili. Akaunti hakuichukua. Ya nini?

Wa pili alikuwa dereva wa chuo. Chapchap alimchagua akidhani ni mtu wa shughuli nyingi, atasaini akiwa mguu ndani mguu nje. Alikosea. Dereva aliizungusha ile fomu mkononi, akaitazama mbele na nyuma.

"Fundi, mimi gari likitoka gereji siliwashi nikaondoka nalo kwa kuwa eti wamesema limepona. Nalizunguka kwanza. Nalipiga teke tairi. Hiki kitu chako na mimi nikizunguke."

"Hakuna haja, mzee wangu. Saini tu, nisikupotezee muda."

"Saini yangu ndiyo leseni yangu. Haiazimwi." Akaiona ile karatasi yenye akaunti ya pili. "Na hii ya mkutubi? Haitumii? Basi nipe nayo. Mama watoto naye ajaribu. Yule akianza kutafuta kasoro, hata mimi najificha."

Chapchap alimpa zote mbili ili amwondokee. Moyoni alijiambia kwamba siku saba zitapita, yule mzee atachoka, atasaini.

Jumatatu iliyofuata dereva alifika kabla hata feni haijawashwa. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kusaini.

"Fundi, umeniletea ugomvi nyumbani."

"Ugomvi gani?"

"Sikiliza. Kila jioni anaanza mke wangu. Anaingia kwa akaunti yake, tunazima mtandao kama ulivyosema, anajibu maswali mpaka mwisho. Akimaliza namnyang'anya simu. Tunawasha mtandao, naingia mimi kwa akaunti yangu. Unajua kinachotokea? Majibu yake yote yanahesabiwa yangu! Jana yeye kapata sifuri, mimi nimepata tisini na tano. Maswali ya ukunga! Mimi, ambaye kila alipojifungua nilikuwa nje nimeshika tumbo langu! Mwanamke kakasirika, anasema hata nyumbani kazi afanye yeye na sifa nichukue mimi. Leo sikupewa chai."

Chapchap akacheka. "Mzee, mmeitumia vibaya. Kila mwanafunzi ana simu yake. Nani anafanya mtihani kwa simu ya mwenzake?"

"Sisi tuna simu moja yenye kioo kizima. Ile ya kwake hata picha haifungui."

"Basi hilo ni tatizo la nyumbani kwenu, si la Kibindo."

Dereva akakunja fomu pale palipokuwa wazi kwa saini yake, akaiweka mezani. "Sawa, fundi. Lakini mimi sisaini."

Alipotoka, Chapchap alianza kuhesabu nani mwingine angeweza kumsainia kabla ya saa kumi jioni. Mpishi wa kantini ni mtu wa watu, huenda akakubali. Alikuwa amekwisha kusimama aende kantini simu ilipolia. Namba hakuijua.

"Ni mimi," Dada alisema. "Nina haraka, simu si yangu. Kile kidude chako vipi?"

"Kimeisha, Dada. Nasubiri saini moja tu. Hiyo simu ni ya nani?"

"Ya mwenzangu wa zamu. Yangu iliniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya dawa ya kuoshea vifaa, mwezi uliopita. Sikukwambia, nilijua utaanza kuhangaika. Usijali, tunasomea hii hii sisi wawili. Hata mtihani tumeshapanga. Siku yenyewe naanza mimi asubuhi, nikimaliza nampa, naye anaingia."

Chapchap akarudi kitini.

"Wewe... Dada, mko wangapi mnaofanya hivyo?"

"Huku? Karibu wote. Vituo vinne ninavyovijua mimi ni simu moja watu wawili, kingine watatu. Ulidhani huku kuna maduka ya simu? Haya, naitwa. Mungu akubariki, mdogo wangu. Safari hii najua sitaanguka."

Simu ikakatika. Chapchap alibaki ameishika sikioni. Aliiona siku ya mtihani kana kwamba imeshafika. Dada anajibu, mtandao unakatika, Kibindo kinayaficha majibu yake. Kisha mwenzake anaichukua simu, mtandao unarudi, na majibu yote ya Dada yanaondoka kwa jina la mwenzake. Dada sifuri, mara ya pili, kwaheri. Na yule mwenzake naye ataulizwa mbona majibu yake si yake, aitwe mwizi wa mtihani. Kibindo kilikuwa na mkunjo mmoja tu, na yeyote aliyekuwa ameishika simu mtandao uliporudi ndiye aliyehesabiwa mwenye mali.

Alifungua daftari lake. Majaribio mia mbili na kumi na mawili, yote kwa simu moja, mkono mmoja, jina moja. Kumbe alikuwa amefanya jaribio moja tu akalirudia mara mia mbili na kumi na moja. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa sababu kama dereva angesaini kama alivyombembeleza, yeye Chapchap angekuwa amemfukuzisha kazi mtu aliyeacha shule kwa ajili yake.

Alimkuta dereva kwenye maegesho akifuta kioo cha gari.

"Mzee wangu, nisamehe. Ulikuwa na haki."

"Mimi nimeshasahau," dereva alijibu bila kuacha kufuta. "Msamaha kamwombe mke wangu. Chai ni kwake."

Kutoka hapo akapiga moyo konde, akaenda kwa Mama Subiri. Alipofika mezani hakungoja kuambiwa asubiri.

"Mama, saini hii ya mkutubi ni ya bure. Hajajaribu kitu, na mimi nilijua. Dereva amekataa kusaini, na amefanya vizuri, kwa sababu Kibindo kina ufa." Akaeleza yote, habari ya simu moja na watu wawili, mpaka habari ya chai. Mama Subiri alivua miwani akaiacha ining'inie.

"Huo ufa unazibika?"

"Kesho jioni nitakuwa nimeuziba. Nitampa kila mtu mkunjo wake, ufungwe kwa neno lake la siri, usifunguke mpaka arudi mwenyewe. Lakini siku saba hazipo tena, Mama. Leo Jumatatu, jopo ni Alhamisi. Dada yangu ni mmoja wao. Ndiye aliyenilea."

"Subiri. Ukurasa wa nne uliusoma?"

"Niliusaini."

"Sikukuuliza kusaini. Nakuuliza kusoma." Akaufungua mwenyewe, kidole kikatua kwenye wale sisimizi. "Plagini ikirekebishwa ndani ya wiki ya jopo, wajaribuji wawili wa siku saba wanaweza kubadilishwa na wajaribuji saba wa siku moja, kutwa nzima, mbele ya mkaguzi. Kifungu hiki nilikiandika mimi, kwa ajili ya watu wenye majina kama lako."

Kwa mara ya kwanza tangu Dada apige simu, Chapchap alitamani kucheka, lakini hakuthubutu.

"Watu saba utatafuta wewe," Mama Subiri aliendelea. "Simu zisizidi nne, maana ndivyo wanafunzi wako wanavyoishi. Na wewe hutagusa simu yoyote. Utakaa kitini, mikono mapajani, mdomo umefungwa."

Jumatano saa mbili asubuhi watu saba waliketi kwenye chumba cha mikutano. Dereva alikuja na mke wake, naye alikuja amebeba simu mkononi kama ushahidi wa mahakamani. Walikuwepo mpishi wa kantini, mlinzi wa getini na wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza. Wa saba alikuwa mkutubi, aliyekuja mwenyewe bila kuitwa na kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, hamtazami mtu. Mama Subiri alikaa karibu na kile kisanduku cha mtandao ukutani, akikizima na kukiwasha kila alipotaka, bila kumwonya yeyote.

Kwanza walijaribu ule ufa. Mke wa dereva akajibu, mtandao ukazimwa, simu ikaenda kwa mumewe, mtandao ukawashwa. Majibu ya mama yakatulia mahali pake. Mume akajibu ya kwake, kisha mama akaingia tena na ya kwake yakaondoka. Mama alipata tisini na mbili. Dereva alipata ishirini na mbili.

"Hiyo sasa ndiyo alama yangu," dereva alisema kwa furaha. "Hiyo naitambua."

Chumba kizima kikacheka, na mke wake akacheka kuliko wote. Chapchap alidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Simu ya mpishi ilikuwa ndogo, na herufi za kuandikia zilipojitokeza zilikifunika kitufe cha kutuma. Mpishi alikitafuta dakika kumi nzima huku Chapchap akijiuma ulimi asimwonyeshe. Kisha mlinzi akainua mkono.

"Hapa pameandikwa: 'Data imehifadhiwa katika hifadhi ya muda.' Sasa hapo nimefaulu au nimeanguka?"

Mama Subiri akamwuliza yeye ameelewaje.

"Mimi nimeelewa kwamba mambo yameisha. Nimeweka simu mfukoni, nirudi getini kwangu."

"Lakini hayajaisha!" Chapchap aliropoka.

"Mdomo," Mama Subiri alimkumbusha. Akamgeukia mlinzi. "Ungetaka pasemeje?"

Mlinzi akakuna kidevu. "Paseme hivi: 'Majibu yako bado yamo ndani ya simu hii. Mtandao ukirudi, ingia tena wewe mwenyewe ili yaende.' Hapo hata mimi najua kwamba natakiwa nirudi."

Mchana, wenzake walipokwenda kula, Chapchap alikaa na kompyuta yake akakipandisha kitufe cha mpishi na kuyaandika maneno ya mlinzi jinsi yalivyotamkwa, neno kwa neno. Jioni wote saba wakarudia tangu mwanzo, wakasaini. Mkutubi alikuwa wa mwisho kusaini, na kabla ya kuishika kalamu alijaribu mara tatu zaidi.

Alhamisi jopo halikuchukua dakika kumi. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: mwandishi wa plagini ameijaribu mara ngapi?

"Mara nyingi," Mama Subiri alijibu. "Hizo sikuzihesabu."

Kibali kikapigwa muhuri.

Siku ya mtihani Chapchap alikaa mbele ya skrini yenye orodha ya wanafunzi wote. Mtihani ulifunguliwa saa mbili asubuhi na ungefungwa saa kumi na mbili jioni. Mbele ya jina la Dada paliandikwa "anaendelea." Saa nne na dakika chache mtandao wa huko ukakatika, na jina lake likageuka rangi ya majivu. Ikafika saa sita, saa saba. Saa nane mtandao ukarudi, na jina la mwenzake wa zamu likawaka. Mwenzake alijibu, akamaliza, majibu yake yakapokelewa. Jina la Dada halikusogea.

Chapchap alijua sababu, na hiyo haikumsaidia. Majibu yalikuwa kwenye mkunjo wa Dada, yakimngoja Dada mwenyewe, na Dada hakurudi. Saa tisa ikapita. Saa kumi akaipigia ile simu, haikupokelewa. Saa kumi na moja akapiga tena, vivyo hivyo. Alianza kufikiri kwamba pengine ule ufa wa kwanza ulikuwa na nafuu kuliko dawa yake.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jina la Dada likabadilika rangi. Yamepokelewa. Maswali arobaini, majibu arobaini.

Simu ikalia papo hapo.

"Nilikuwa na mzazi," Dada alisema, akihema. "Tangu saa nne ile, mtandao ulipokatika. Mtoto kageuka, tumehangaika naye mpaka sasa hivi. Wa kike, mzima. Niambie, majibu yangu yamefika?"

"Yamefika, Dada."

"Kwa jina la nani?"

"Kwa jina lako."

Dada akaanza kulia, na Chapchap naye akalia, akaufunga mlango kwa mguu asije akaonekana. Dada alipopata sauti alisema, "Ningesahau, unajua? Kwa uchovu huu ningekwenda kulala. Lakini niliyakumbuka yale maneno, kwamba niingie tena mwenyewe. Nani aliyaandika? Wewe?"

"Hapana," Chapchap alijibu. "Mlinzi wa getini."

Matokeo yalipotoka Dada alikuwa na sabini na nane, na mwaka ulipoisha alibaki wodini kwake. Muhula uliofuata Chapchap alileta plagini nyingine mezani kwa Mama Subiri. Hakuja na daftari. Alikuja na dereva, mke wa dereva na mlinzi, na ukurasa wa nne alikuwa ameusoma mara mbili.

"Subirini," Mama Subiri alisema. Akatoa karatasi kwenye droo akamkabidhi Chapchap. "Kabla sijaipokea fomu yako, nisomee hii ripoti yangu ya mwaka. Nimeisoma mara kumi sioni kosa, kwa hiyo lipo."

Chapchap hakupita hata mstari wa kwanza. Ripoti ya mwaka huu ilikuwa na tarehe ya mwaka jana. Alimwonyesha kwa kidole, na Mama Subiri akapiga paji la uso, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kumbe hata yeye ana kisogo. Kinyozi hajinyoi.